Namba Iliyoshuka Upesi

Namba ilishuka upesi kuliko walivyoambiwa, na wao wakafurahi. Hilo ndilo Gramu hatakuja kujisamehe, hata akijisamehe mengine yote: kwamba alicheka. Alisimama kwenye korido ya chini ya hospitali, nyuma ya utepe wa manjano uliobandikwa sakafuni, akausoma ubao mdogo uliotundikwa kwenye mlango wa chumba cha mdogo wake, akacheka kwa sauti mpaka mfagiaji akainua kichwa.

Ubao ulikuwa na mistari mitatu. Siku ya kwanza mchana, mia mbili na tisini. Siku ya pili asubuhi, tisini na nne. Siku ya pili jioni, hamsini na nane. Aliyeziandika ni mpimaji wa mionzi, mwanamume mrefu, mkimya, ambaye kila akija alisimama kwenye alama ileile, akamwelekezea mgonjwa chombo chake kutoka mita moja, akasubiri, akaandika, akaenda zake. Mgonjwa alipolazwa, mpimaji huyo alikuwa amewaambia wajiandae kwa siku tano, pengine sita. Namba hiyo, ya mionzi inayotoka mwilini, ikishuka chini ya thelathini, ndipo angeruhusiwa kutoka.

"Wenzako wanakaa siku sita," Gramu alimwambia mdogo wake kupitia mlango ulioachwa wazi kidogo. "Wewe kesho asubuhi unatoka. Hata kwenye kuumwa una haraka."

Mdogo wake alikuwa amekaa kitandani, mbali, upande wa ukutani, kama alivyoagizwa. "Nimezoea kumaliza kichwa kwa dakika kumi," alisema.

Alikuwa kinyozi, na watu wote walimwita hivyo, Kinyozi, hata mkewe akikasirika. Dada yake naye jina lake halisi lilijulikana na wachache. Sokoni walimwita Gramu, na wala halikuwa jina la mapenzi. Kazi yake ilikuwa kukagua mizani. Kila asubuhi alibeba sanduku la mbao lenye mawe ya shaba yaliyolazwa kwenye mahameli, akaingia duka kwa duka na bucha kwa bucha, akapima mizani ya watu kwa mawe yake ya serikali. Hakuyashika mawe hayo kwa vidole, kwa kuwa hata jasho la kidole lina uzito. Aliyashika kwa kikoleo. Mizani iliyosema kweli aliipiga muhuri. Iliyopunja aliifunga kwa waya na lakiri ya risasi mbele ya wateja, mwenye duka akabaki ametoa macho. Wauza nyama walimchukia kwa adabu. Mmoja aliwahi kumuuliza kama nyumbani kwake chumvi ya mboga nayo huitia kwa kikoleo. Alimjibu kwamba hapana, chumvi huitia kwa jicho, ndiyo maana haijawahi kuzidi.

Huyo ndiye mtu aliyekabidhiwa Kinyozi, na hakuna aliyeona kasoro katika hilo. Angekabidhiwa nani mwingine?

Kinyozi aliumwa miaka minne kabla ya ugonjwa wake kupata jina. Ulikuwa unamjia ghafla, hana hili wala lile, amesimama nyuma ya mteja: moyo unaanza kudunda kama unataka kutoka, kichwa kinamgonga, jasho linamtiririka, uso unaparara, na mikono inatetemeka. Na mkononi ana wembe, na wembe uko nyuma ya sikio la mtu. Akajifunza kusema, "Subiri nibadilishe wembe," akaenda nyuma ya pazia, akashika ukuta mpaka kipite. Wateja walimsifu kuwa kinyozi msafi kuliko wote mjini, kwa sababu kichwa kimoja alikibadilishia wembe mara tatu. Zahanati walimwambia ni wasiwasi, apunguze mawazo. Mmoja alimshauri aoe. Alikuwa na mke mwaka wa sita.

Hatimaye mashine moja ilimwona vizuri. Uvimbe ulikuwa umeota kwenye kifundo cha neva, kando ya uti wa mgongo, karibu na figo. Ni uvimbe unaotengeneza yale maji ya woga ambayo mwili wa kila mtu huyatoa kidogo akikurupushwa na mbwa. Wa Kinyozi uliyatoa kwa ndoo. Na ulikuwa umeshatupa mbegu, mbili kwenye pingili za mgongo, moja kwenye nyonga. Daktari alisema katika miaka ishirini ya kazi amewaona watu tisa wa aina hiyo. Kinyozi akauliza kama wa kumi ana zawadi.

Kisu hakikuwezekana, kwa maana uvimbe ulikuwa umeukumbatia mshipa mkubwa wa damu. Ikabaki dawa ya mionzi. Daktari, mwanamke mfupi aliyefunga miwani yake kwa uzi, aliwaeleza akichora kwenye karatasi. Uvimbe huu ni mlafi, alisema. Kuna kitu neva hukila, nao hukila zaidi. Basi wanakitengeneza kitu kinachofanana nacho, wanakitia moto wa mionzi, wanampa mgonjwa kwa mshipa. Uvimbe hudhani ni chakula chake, humeza, na moto unauchomea humohumo ndani, palepale ulipojificha, hata kwenye mfupa. Sehemu nyingine za mwili haziguswi sana. Kwanza walimpa tone dogo la majaribio, wakampiga picha, na uvimbe pamoja na zile mbegu zake tatu, vyote vinne, vikaonekana vyeusi, kama mtu amedondosha wino kwenye karatasi. Daktari alifurahi. "Mnaona ulivyo na njaa?" alisema. Gramu alitoka pale akiwa mwepesi, na njiani alinunua machungwa ambayo hakuyahitaji.

Dozi yenyewe waliisubiri miezi saba. Ilitengenezwa nchi nyingine, kwa ajili ya mtu huyo na siku hiyo, ikaletwa kwa ndege ndani ya chupa iliyovikwa madini ya risasi. Si dawa ya kuweka kwenye friji. Kila siku nane nusu yake hufa yenyewe, mtu ameitumia au hakuitumia, na ikishafika lazima iingie mwilini siku ileile. Nesi aliwapa masharti: wiki mbili kabla, mgonjwa asiguse dawa yoyote bila kuwauliza. Akarudia neno hilo, yoyote, akimtazama Gramu, kwa kuwa Kinyozi alikuwa amehamia kwa dada yake, nyumba ikiwa karibu na hospitali, na kwake mwenyewe kuna mtoto mchanga.

Na Gramu alitii kwa namna yake. Siku hiyohiyo alifungua kabati la jikoni, akatoa vidonge vya kichwa, vya tumbo, vya kuwashwa, hata vyake mwenyewe vya presha, akavifungia ndani ya sanduku la mawe ya mizani na ufunguo akautia shingoni. Kinyozi alimwambia mkewe kwenye simu kwamba amefungwa jela na mlinzi wake anakoroma.

Halafu, siku nne kabla, Kinyozi akapata mafua.

Hayakuwa mafua ya kutisha. Pua ziliziba, kikohozi kikaanza, macho yakawa mekundu. Siku nyingine Gramu angempikia supu na kumcheka. Lakini walikuwa wameambiwa kwamba mgonjwa akifika anakohoa au ana homa anaweza kurudishwa. Gramu hakulala vizuri. Alipiga hesabu zake: miezi saba, ndege, chupa ya risasi, siku nane. Asubuhi alikwenda duka la dawa la kona, akarudi na chupa ya dawa ya mafua ya maji, ile nyekundu.

"Tuwapigie kwanza," Kinyozi alisema, sauti yote ikitokea puani. "Tuwaulize."

"Tukiwauliza watakuahirisha. Dawa yako iko angani saa hizi. Itue hapa ikukose? Ikafie kabatini?"

"Walisema dawa yoyote, Dada."

"Na hii nayo ni dawa? Hii ya mafua. Wanapewa watoto wa chekechea. Ladha yake sharubati tu."

Kinyozi aliipokea, akainywa, akakunja uso, akasema sharubati ya aina hiyo haijauzika popote. Alikunywa vifuniko viwili asubuhi, viwili mchana, viwili jioni, kwa siku nne. Vya mwisho alipewa asubuhi ya kulazwa, mlangoni, viatu vimeshavaliwa, ili asije akakohoa mbele ya nesi. Na kweli hakukohoa. Pua zilikuwa wazi, kifua kimya. Nesi alipouliza kama ametumia dawa yoyote katika wiki mbili zilizopita, Gramu ndiye aliyejibu.

"Hata kidonge," alisema.

Wala hakudanganya, na hapo ndipo pabaya. Kichwani mwake kulikuwa na dawa na kulikuwa na vitu vya mafua, na vitu hivyo viwili havikukaa rafu moja. Mtu huyu aliyejua kwamba jasho la kidole lina uzito, chupa nzima haikumjia akilini.

Asubuhi ya siku ya tatu ubao ulisoma ishirini na tatu. Mpimaji hakuandika mara moja. Alikitazama chombo chake, akakigonga kidogo kwa kidole, akapima tena, akaenda akarudi na chombo kingine, akapima kwa hicho. Gramu alikuwa nyuma ya utepe, ameshika mfuko wa nguo safi. Katika maisha yake yote ya kazi alimjua mtu anayeshuku mizani hata kwa kumwona mgongo tu. Asubuhi ile alimwona, na hakutaka kumjua.

"Vipi?" aliuliza.

"Yuko chini ya thelathini," mpimaji alisema. "Anaweza kutoka. Daktari atampiga picha kwanza."

Basi Gramu akampigia simu wifi yake palepale koridoni. Mke wa Kinyozi alikuwa mtu wa maneno machache, lakini siku hiyo maneno yalimtoka. Alisema tangu jana, alipoambiwa namba inaporomoka, amefua mapazia yote, amewaambia majirani, na mtoto amemfundisha kupunga mkono. Alisema, wifi, kumbe Mungu yupo. Gramu akasema, yupo.

Picha ilichukua dakika arobaini, Kinyozi amelala chali juu ya kitanda chembamba kinachotambaa chini ya mashine. Kisha wote wawili wakaitwa ofisini kwa daktari. Palikuwa na meza, viti vitatu, na kompyuta iliyogeuzwa ili nao waone. Daktari alikuwa ameweka picha mbili kando kwa kando. Katika zote mbili lilionekana umbo la mtu, la kijivu, bila uso.

"Hii ya kushoto ni ya majaribio," daktari alisema. "Ya kulia ni ya leo."

Ya kushoto walikuwa wanaijua, na yale matone manne ya wino. Ya kulia ilikuwa na kivuli hafifu mahali pa ini na doa kwenye kibofu. Mgongo ulikuwa safi. Nyonga ilikuwa safi. Kinyozi aliisogelea kompyuta, akainyooshea kidole.

"Vimekwisha?" aliuliza. "Daktari, vimekwisha?"

Na kwa kitambo kifupi, cha kuvuta pumzi moja, Gramu aliamini hivyo. Baadaye alikikumbuka kitambo hicho kwa uchungu kuliko yote yaliyofuata.

"Hapana, kaka," daktari alisema. "Vipo palepale. Dawa ndiyo haikuingia. Hapa tunaona dawa ilipo, hatuoni uvimbe ulipo."

Kinyozi alishusha kidole.

"Namba yako ilishuka upesi kwa sababu dawa haikupata pa kukaa," daktari aliendelea polepole. "Imepita mwilini, ikatoka na mkojo. Wale wanaokaa siku tano, siku sita, ni wale ambao uvimbe umeishika. Ningependa sana ukae siku sita."

Gramu aliiangalia mikono yake mapajani. Alijisikia kama aliyepigwa kofi na mtu asiyemwona. Namba zile. Alikuwa amezishangilia kama mtoto, tisini na nne, hamsini na nane, ishirini na tatu, na kila moja ilikuwa inampunguza mdogo wake.

"Kuna mambo mawili," daktari alisema. "Mara nyingine uvimbe hubadilika tabia, ukaacha kula. Ukishabadilika hivyo njia hii inafungwa. Hatuwezi kukupa tena, tutakuwa tunakutesa bure. Au kuna kitu kimeziba mlango. Zile wiki mbili, ulitumia dawa yoyote?"

"Hapana," Kinyozi alisema.

Alijibu upesi, na hakumtazama dada yake. Gramu alimgeukia. Kuna majibu yanayotoka upesi kwa kuwa ni ya kweli, na kuna yanayotoka upesi kwa kuwa yamekaa mdomoni muda mrefu yakisubiri swali. Aliliangalia sikio la mdogo wake, shavu lililoingia ndani, ndevu za siku tatu ambazo kinyozi mwenyewe hakuruhusiwa kunyoa. Ndipo ile chupa nyekundu ikamjia, na kifuniko chake, na vifuniko viwili mara tatu kwa siku nne. Ikamjia yote kwa mara moja.

"Alikunywa dawa ya mafua," alisema. "Siku nne. Mpaka asubuhi ile ya kuja hapa. Mimi ndiye niliyempa."

"Dada," Kinyozi alisema.

"Alitaka tuwapigie simu tuwaulize. Mimi nikakataa."

Daktari alivua miwani, ikaning'inia kwenye uzi wake. Aliuliza ni dawa gani, na Gramu akamtajia jina lililoandikwa kwenye chupa, na rangi, na kipimo alichompa kila mara, bila kukosea hata kidogo, kama anavyosoma taarifa ya ukaguzi.

"Ile inayozibua pua," daktari alisema.

"Ndiyo."

"Kile kinachozibua pua ndicho kinachofunga mlango wa uvimbe. Mlango uleule ambao dawa yetu inaingilia." Hakupandisha sauti. Gramu angependa aipandishe. "Iko kwenye orodha yetu. Lakini tuliwaambia yoyote, tukidhani neno hilo linatosha. Ilitupasa kuitaja kwa jina."

"Kwa hiyo uvimbe haukubadilika," Gramu alisema. "Bado unakula. Mnaweza kumpa tena."

"Inawezekana bado unakula."

"Basi mpeni tena."

Daktari alifikicha macho. "Nitaandika ombi leo hii, kabla sijaenda nyumbani. Lakini sitawadanganya. Foleni ni miezi saba, pengine tisa, na wapo watu mbele yake ambao hawajapata hata mara moja. Na huu wa kwenye pingili ya mgongo..." Alifungua picha nyingine, ya ile mashine ya kwanza, akaweka kidole. "Huu umekua tangu mara ya mwisho. Kwa mwendo huu hautasubiri miezi saba. Ningekuwa na dozi wiki ijayo, ningempa wiki ijayo. Sina."

Saa ya ukutani ilikuwa inatembea. Kinyozi aliivuta suruali yake magotini kama mtu anayejiandaa kuinuka, lakini hakuinuka.

"Mtoto naweza kumbeba?" aliuliza. "Mliniambia nisimbebe wiki mbili."

"Mbebe leo," daktari alisema. "Huna kitu mwilini."

Walitoka wakakaa kwenye benchi la korido ya juu, mbele ya dirisha la kupokea majibu. Watu walipita na karatasi zao. Gramu alisubiri mdogo wake aseme, na mdogo wake alikuwa anatazama viatu vyake. Aliposema, alikuwa na hasira, na haikuwa hasira ambayo Gramu alikuwa ameitayarishia mgongo.

"Nani alikuomba useme?"

"Ameuliza."

"Aliniuliza mimi. Nikajibu."

Gramu alimgeukia. "Ulijua?"

"Kuna kijitabu kule ndani, kimefungwa kwa kamba kando ya kitanda. Mwenzako sikuwa na kingine cha kusoma. Siku ya kwanza tu, mashine imeshamaliza kunitilia dawa, nikakifungua. Dawa za mafua ziko mstari wa nne."

"Siku ya kwanza." Gramu hakuamini. "Na jana nimesimama pale mlangoni nacheka, na wewe unanitania na vichwa vyako vya dakika kumi?"

"Ulikuwa umefurahi."

"Kwa nini hukuwaambia?"

"Ilikuwa imeshaingia yote. Ningefanya nini, niikohoe?" Alitabasamu nusu, tabasamu likamshinda njiani. "Sikiliza, Dada. Mimi nakwenda. Wewe unajua, mimi najua, na yule mama mwenye uzi anajua. Nilitaka niende kwa bahati mbaya. Bahati mbaya haina nyumba. Mtu hawezi kuifuata mlangoni akaigombeza, hawezi kuikatia salamu. Mke wangu angelia, mama angelia, mngelia wote pamoja. Sasa umeshaandikwa kwenye faili. Umewapa mtu wa kulaumu."

"Nilidhani watakupa nyingine."

"Najua."

"Nilisema ili upone."

"Najua, Dada. Hata ile sharubati ulinipa ili nipone."

Hakuisema kwa kumkomoa. Alikusudia utani, Gramu aliona hivyo usoni mwake, na aliona pia kwamba mara neno lilipotoka alitamani kulirudisha. Halikurudi. Alikaa nalo pale kwenye benchi. Alitaka kulia na machozi hayakuja.

"Usimwambie mke wangu," Kinyozi alisema.

"Siwezi."

"Usimwambie. Si leo, wala nikiwa sipo. Atabaki na mtoto, na mtu wa kumsaidia ni wewe. Mama ni mzee. Akijua, hatakanyaga kwako, wala wewe hutakanyaga kwake, na mtoto wangu atakulia wapi? Faili halitoki humu ndani. Daktari hamjui mke wangu kwa sura."

"Unanitaka nidanganye maisha yangu yote."

"Nakutaka umsaidie."

Miaka kumi na tisa Gramu alikuwa amewafunga watu mizani kwa kosa la nusu kiganja cha mchele. Alikuwa amewatazama usoni, na wengine walimwomba, na mmoja alipiga magoti kati ya magunia, naye akabana risasi kwenye waya akaenda zake. Hakuwahi kujiuliza usiku wao ulikuwaje. Alitafuta neno la kumkatalia mdogo wake na hakulipata, kwa maana alichoombwa kilikuwa kidogo, na aliyeomba alikuwa na miezi michache.

"Sawa," alisema.

"Apa."

"Nimesema sawa."

Simu ya Kinyozi ililia. Alilitazama jina, akafumba macho, akaweka sauti ya nje ili mkono usimchoke kuishika. Mtoto alisikika kabla ya mama yake.

"Uko wapi?" mkewe aliuliza. "Mmetoka? Nimeshapanga kitanda chako upande wa dirisha. Mtoto akae mbali, sivyo?"

"Mtoto nitambeba," Kinyozi alisema. "Tumetoka. Mama nanii, kaa chini kidogo."

"Nimekaa. Nini?"

"Dawa imegoma. Wamepiga picha. Uvimbe umekataa kuimeza."

Mtoto aliendelea na mambo yake.

"Lakini namba si ilishuka?" mkewe alisema. "Wifi alisema imeshuka."

"Ilishuka kwa sababu haikuingia. Hatukuelewa. Hakuna aliyekosea. Mwili wangu tu ndio mbishi, si unaujua."

Mkewe alilia. Hakulia kwa kelele. Walisikia pumzi zake zikija na kukatika, na Kinyozi akawa anasema, haya, haya, nipo, nakuja, kama anavyomtuliza mteja mdogo anayeogopa mashine. Mwanamke aliyekaa mwisho wa benchi aliinuka akahamia kiti kingine ili awaachie nafasi. Hatimaye pumzi zilitulia.

"Wifi yupo hapo?"

"Yupo."

"Mpe simu."

Kinyozi alizima sauti ya nje, akamkabidhi dada yake simu, na hakuuachia mkono wake. Gramu aliiweka sikioni.

"Wifi," ile sauti ilisema, nzito, imejaa maji. "Usije ukajiona hukufanya kitu. Umesikia? Mimi sikuweza, nina huyu mtoto. Wewe ulimtoa mtu kwangu ukamweka kwako, ukafunga mpaka dawa zako mwenyewe za presha, aliniambia. Ulimlinda kwa kila kitu. Kama haikukubali, haikukubali. Mimi na mwanangu hatutasahau. Mungu akulipe, wifi, kwa yote uliyomtendea."

Kinyozi alikuwa anamtazama. Vidole vyake vilikuwa vimeanza kutetemeka, na jasho lilikuwa linamtoka kwenye paji la uso.

"Amina," Gramu akasema.